Kutoka Meno Hadi Balini: Nadharia Tatu za Chimbuko la Nyangumi Wachujaji Zikipimwa Bega kwa Bega

Mwalimu wa biolojia anayetayarisha somo la mageuko, mhariri wa kamusi elezo, au mtumishi wa makumbusho anayeandika maelezo ya bango, akitaka kueleza jinsi nyangumi wa balini, wale wanaochuja chakula kwa mabamba ya kinywani, walivyoacha meno, atakutana na nadharia tatu tofauti, zote zikiwa zimeandikwa na wataalamu wanaoijua kazi yao na kuchapishwa katika majarida yanayoheshimika. Ya kwanza inasema kwamba meno yenyewe ndiyo yaliyokuwa chujio la mwanzo, na balini ikaja kuyapokea kazi. Ya pili inasema kwamba meno na balini vilikaa katika kinywa kimoja kwa vizazi vingi, kimoja kikififia kadiri kingine kilivyokua. Ya tatu inasema kwamba meno yalitoweka kwanza, nyangumi akabaki na kinywa kitupu cha kufyonzea chakula, na balini ikachipuka baadaye. Haziwezi kuwa kweli zote tatu kwa ukoo mmoja wa wanyama, na hata anayeandika sentensi moja tu juu ya jambo hili huwa tayari amechagua, ingawa pengine hakukusudia.

Rai yangu, ambayo ulinganisho huu unakusudia kuitetea, ni kwamba ubishi wenyewe umechanganya maswali mawili. Swali moja ni jinsi nyangumi wa kale walivyokula. La pili ni wakati gani balini ilipoanza kuota. Ushahidi wa swali la kwanza una nguvu kuliko wa la pili, na mtu anayeshika nadharia moja nzima bila kuyatenganisha hujitwika dai asiloweza kulitetea mbele ya mwanafunzi mdadisi.

Balini ni mabamba ya keratini, dutu ileile ya kucha na nywele, yanayoning'inia kutoka kwenye kaakaa kwa safu mbili, kingo zake za ndani zikiwa zimechakaa na kuwa nyuzi zilizosokotana. Nyangumi hujaza kinywa maji, kisha huyasukuma nje kupitia nyuzi hizo, na uduvi na samaki wadogo hubaki ndani. Kazi yake ni ya kifumbu cha kukamulia tui. Nyangumi nundu wanaoonekana katika pwani za Kenya na Tanzania kati ya Julai na Oktoba hivi wana mabamba hayo, ila huku huja kuzaa na kupandana baada ya kushiba katika bahari baridi za kusini, kwa hiyo mtazamaji wa Watamu au Kizimkazi ni nadra kuiona balini ikiwa kazini.

Shida kubwa ya utafiti huu inatokana na keratini hiyo. Mfupa na jino hugeuka kuwa kisukuku, lakini keratini huoza mapema. Katika miamba ya Pisco nchini Peru wamepatikana nyangumi waliozikwa kwa namna ya pekee hata balini yao ikabaki mahali pake, lakini hao ni wa kipindi cha Miosini, muda mrefu baada ya badiliko tunalolitafuta. Badiliko lenyewe lilitokea mwishoni mwa Eosini na katika Oligosini, kati ya miaka milioni 36 na milioni 23 iliyopita, na wataalamu wanaokichunguza kipindi hicho hulazimika kutegemea alama za pembeni: matundu ya mishipa katika kaakaa, mikwaruzo kwenye meno, ukali wa ncha zake, na unene wa mfupa wa taya.

Yasiyobishaniwa

Pande zote zinakubaliana kwamba nyangumi wa balini wametokana na nyangumi wenye meno ya kuwindia. Jamaa wa karibu wa mababu hao wamejaa katika mchanga wa Wadi Al-Hitan nchini Misri, eneo lililoandikishwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia mwaka 2005. Humo nyangumi wa kale aitwaye Dorudon ana meno ya mbele yaliyochongoka ya kushikia na magego yenye meno-meno ya kukatia nyama. Zinakubaliana pia kwamba mmoja wa wakongwe kabisa wa ukoo wa balini anayejulikana ni Mystacodon selenensis wa Peru, aliyetangazwa mwaka 2017, mwenye umri wa miaka milioni 36 na ushei, urefu wa mita 4 hivi, na meno kamili kinywani.

Ushahidi mwingine uko ndani ya nyangumi walio hai. Mwaka 1807 Étienne Geoffroy Saint-Hilaire alieleza vichipukizi vya meno katika taya la kijusi cha nyangumi wa balini; vichipukizi hivyo humezwa tena na mwili kabla ya mtoto kuzaliwa. Karne mbili baadaye wanajenetiki waliongeza jambo: jeni za kutengeneza enameli ya meno bado zimo katika DNA ya nyangumi hawa, lakini zimeharibika. Mwaka 2011 Robert Meredith na wenzake walionyesha kwamba jeni moja muhimu, MMP20, ilivunjwa na kipande kilekile cha DNA kilichojipachika mahali palepale katika nyangumi wote wa balini waliopimwa, jambo linaloonyesha kwamba uharibifu huo ulimpata babu yao wa pamoja.

Ushahidi huu wa jeni hupendwa sana, na mara nyingi hutumiwa kupita uwezo wake. Unathibitisha kwamba enameli ilipotea kabla nyangumi wa leo hawajaachana njia. Hausemi kama balini ilikuwa tayari imeota siku enameli ilipopotea. Nadharia zote tatu zinapita mtihani huo bila taabu, kwa hiyo hauwezi kuwa kipimo cha kuzichagulia.

Vipimo vinavyofaa ni vingine. Kwanza, katika kila hatua inayodaiwa, mnyama awe na njia ya kujilisha, kwa kuwa hakuna kizazi kinachoweza kukaa na njaa kikisubiri kiungo kikamilike. Pili, alama iliyo katika mfupa iwe inamaanisha jambo linalodaiwa na si jingine. Tatu, ushahidi utoke katika visukuku zaidi ya kimoja. Nne, mnyama anayetajwa awe karibu na njia iliyofika kwa nyangumi wa leo katika mti wa ukoo, wala si binamu aliyekwenda njia yake akaishia huko.

Meno yaliyochuja

Nadharia hii ndiyo rahisi kuieleza, na nadhani urahisi huo ndio umeirefushia maisha. Katika bahari ya Antaktika yuko sili aitwaye Lobodon carcinophaga ambaye magego yake yana vijino vingi vilivyopinda; taya zikifungwa, mianya kati ya vijino hivyo huchuja uduvi. Nyangumi wa kale nao walikuwa na magego yenye meno-meno. Edward Mitchell alipomweleza Llanocetus denticrenatus mwaka 1989, kutokana na kipande cha taya la chini na umbo la ubongo lililobaki katika jiwe la kisiwa cha Seymour, Antaktika, dhana ya chujio la meno ilijitokeza karibu yenyewe: mahali palepale, chakula kilekile, meno yanayofanana.

Mambo mawili yaliidhoofisha. Mwaka 2017 David Hocking na wenzake huko Australia walipima kwa skana za pande tatu ukali wa meno ya visukuku vya nyangumi na ya wanyama walio hai, wakiwamo simba na sili wa aina mbalimbali. Meno ya sili wachujaji yalikuwa butu kwenye kingo. Meno ya nyangumi wa kale yalikuwa makali, karibu na ya wawindaji wa nchi kavu. Mwaka uliofuata, Ewan Fordyce na Felix Marx walichapisha fuvu la Llanocetus, na picha ikabadilika kabisa: meno yalikaa mbalimbali, yakiwa na mianya mipana isiyoweza kuzuia uduvi, na yalikuwa yamelika kwa namna ya meno yanayopishana na kukata. Mnyama aliyekuwa shahidi mkuu wa nadharia akageuka kuwa shahidi wa upande wa pili.

Inabaki Coronodon havensteini wa South Carolina, Marekani, mwenye umri wa miaka milioni 30 hivi, aliyeelezwa na Jonathan Geisler na wenzake mwaka 2017. Magego yake ni mapana na yamepandana kama vigae vya paa, na waandishi hao wanadai kwamba maji yalitoka katika nafasi nyembamba zilizobaki kati ya gego na gego, wakati meno ya mbele yakiendelea kukamata samaki. Dai hili ni la makini kuliko lile la Llanocetus, kwa sababu halitegemei vijino vya gego kufanya kazi ya kitana bali linatazama mpangilio mzima wa safu, na spishi nyingine za jenasi ya Coronodon, yaani jamaa zake wa karibu kabisa, zilizoelezwa mwaka 2023 zimelipa msingi mpana zaidi. Hata hivyo linaeleza kundi moja la mahali pamoja. Anayetaka kuandika kwamba baadhi ya nyangumi wa kale huenda walichuja kwa meno ana haki ya kumtaja Coronodon. Anayetaka kuandika kwamba hivyo ndivyo uchujaji ulivyoanza kwa ukoo mzima hana ushahidi wa kutosha.

Meno na balini pamoja

Hapa shahidi ni Aetiocetus weltoni kutoka Oregon, nyangumi mdogo wa Oligosini aliyeishi takriban miaka milioni 25 iliyopita. Ana meno. Lakini katika kaakaa lake, kando ya safu ya meno, kuna matundu madogo na vifereji vinavyotoka humo. Nyangumi wa leo wana matundu ya aina hiyo, na ndiyo yanayopitisha mishipa ya damu na ya fahamu inayolisha balini, ambayo hukua maisha yote na huhitaji lishe isiyokatika. Mwaka 2008 Thomas Deméré, wa Makumbusho ya Historia Asilia ya San Diego, pamoja na Michael McGowen, Annalisa Berta na John Gatesy, walitoa hoja kwamba matundu hayo ya Aetiocetus ni dalili ya balini changa iliyokaa pamoja na meno.

Uzuri wa nadharia hii ni kwamba haina pengo. Hakuna kizazi kilichobaki bila chombo cha kulia: meno yanapopungua, balini inaongezeka, na mnyama anaendelea kula. Vijusi vya nyangumi wa leo navyo vinaipa sauti, kwa maana katika baadhi ya spishi vichipukizi vya meno huanza kumezwa karibu na wakati uleule balini inapoanza kuchipuka. Msomaji aliyefundishwa kwamba mageuko huenda kwa hatua ndogondogo atavutiwa nayo kabla hajauliza lolote.

Lakini yako maswali. La kwanza ni la ufundi: mabamba laini yakining'inia karibu na meno makali yanayopishana, yangekatwa au kusagwa kila mara taya zikifungwa, isipokuwa yawe mafupi mno au yakae ndani kabisa ya mstari wa meno. Watetezi wanajibu kwamba balini ya mwanzo ilikuwa hivyo hasa, ufizi mgumu wenye nyuzi fupi, na jibu hilo si la kubeza. Swali la pili ni zito zaidi, nalo linahusu matundu yenyewe. Mwaka 2022 Carlos Mauricio Peredo, Nicholas Pyenson na Mark Uhen walikagua makaakaa ya mamalia wengine wasio na balini, wakiwamo wanyama wenye kwato, na kukuta kwamba matundu ya pembeni ya kaakaa si mali ya nyangumi wa balini peke yao. Mwaka huohuo Eric Ekdale na Deméré walichapisha uchunguzi wa fuvu la Aetiocetus kwa skana ya CT, wakafuata mifereji ndani ya mfupa na kuonyesha kwamba matundu hayo yanaungana na mfereji uleule unaolisha meno ya juu, mpangilio wanaouona kuwa unakubaliana na ule wa nyangumi wa leo.

Nikizisoma kazi hizo mbili kwa pamoja, naona hazipingani kama inavyodhaniwa. Moja inasema tundu peke yake si ushahidi. Nyingine inasema tundu pamoja na njia yake ndani ya mfupa ni ushahidi. Mwandishi mwangalifu ataacha kabisa sentensi isemayo kwamba matundu ya kaakaa "yanathibitisha" balini, na badala yake ataeleza kwamba mtandao wa mifereji ya Aetiocetus unafanana na wa wenye balini. Tofauti ya maneno ni ndogo, ya uzito ni kubwa.

Kinywa kitupu

Nadharia ya tatu inaanza na tabia, si na kiungo. Nyangumi aliye majini hawezi kutumia miguu ya mbele kushikia mawindo, na maji hukisukuma mbali chochote anachokifuata kwa taya. Njia mojawapo ya kutoka hapo ni kuushusha ulimi kwa ghafla na kuvuta maji pamoja na windo ndani ya kinywa. Nyangumi wengi wenye meno hufanya hivyo leo, na mara nyingi meno yao yamepungua kwa sababu hayahitajiki: nyangumi wenye mdomo mrefu, ambao hula ngisi wa kina kirefu, kwa kawaida majike yao hayaoti meno ya kuonekana, na dume huwa na machache tu ya kupigania. Ukoo huo una mwakilishi katika eneo letu, kisukuku cha Loperot karibu na Ziwa Turkana nchini Kenya, chenye miaka milioni 17, kilichookotwa mwaka 1964, kikapotea katika maghala ya Marekani na kupatikana tena, na mwaka 2015 kikatumiwa kupima wakati ambapo ardhi ya Afrika Mashariki ilianza kuinuka. Huyo si nyangumi wa balini na haongezi wala hapunguzi kitu katika ubishi huu, ila ukoo wake unaonyesha kwamba kufyonza na kupoteza meno hufuatana.

Kwa upande wa balini, dalili za kufyonza ni nyingi. Waliomweleza Mystacodon waliona kwamba huenda alifyonza windo karibu na sakafu ya bahari. Mammalodon wa Victoria, Australia, ana pua fupi butu ambayo Erich Fitzgerald aliihusisha na ulaji wa namna hiyo. Mwaka 2016 Marx na wenzake walieleza mnyama asiye na jina rasmi la kisayansi, wanayemwita Alfred, kutoka jimbo la Washington, ambaye meno yake yana mikwaruzo ya mlalo upande wa ulimi, kana kwamba mchanga ulikuwa ukiburutwa ndani na nje mara kwa mara. Kufyonza kunaacha mikwaruzo ya aina hiyo, kuuma hakuachi.

Kisha akaja Maiabalaena nesbittae. Fuvu lake lilichimbuliwa Oregon miaka ya 1970 na kukaa katika hazina ya makumbusho ya Smithsonian, Marekani, hadi Peredo, Pyenson na wenzao walipolitazama kwa CT na kulichapisha mwaka 2018. Lina umri wa miaka milioni 33 hivi, na mnyama mwenyewe alikuwa na urefu wa mita 4.6 kwa makadirio. Hakuna meno, wala matundu ya meno. La ajabu ni kwamba kaakaa lake ni jembamba na finyu, na kwa maoni ya waandishi lisingeweza kubeba mabamba ya balini. Kama wako sahihi, huyu alikula bila meno na bila balini, kwa kufyonza tu.

Anayesoma habari hiyo kwa mara ya kwanza hushawishika kufunga mjadala hapo. Asifanye haraka. Kukosekana kwa meno kunaonekana katika mfupa. Kukosekana kwa balini kunakisiwa kutokana na umbo la kaakaa, na kisio hilo linategemea balini ya mwanzo iwe na uzito unaokaribia wa leo. Kama ilikuwa fupi na laini, kaakaa jembamba halikuwa kizuizi. Tena mnyama mmoja ni mmoja. Uzito wa dai kwamba ukoo wote ulipitia hatua hiyo unakaa juu ya fuvu moja na mahali lilipowekwa katika mti wa ukoo.

Mtego wa kuzipanga kwa miaka

Kabla ya kutoa uamuzi, kuna kosa ambalo michoro ya vitabuni hulifanya mara kwa mara na ambalo huipa nadharia moja ushindi wa bure. Visukuku hupangwa mstarini kwa umri, kila kimoja kikionekana kuwa babu wa kinachofuata. Hebu tuvipange hivyo: Mystacodon miaka milioni 36, ana meno, Llanocetus milioni 34, ana meno, Maiabalaena milioni 33, hana, Coronodon milioni 30, anayo, Aetiocetus milioni 25, anayo, Janjucetus wa Australia milioni 25 hivi, anayo, na ni makubwa ya kuuma kwelikweli, pamoja na macho makubwa ya mwindaji. Wakati Janjucetus akiwinda, walikuwapo tayari wale wa jamii ya Eomysticetus, wanaopatikana South Carolina na New Zealand, wenye taya ndefu nyembamba ambazo karibu wataalamu wote wanakubali zilibeba balini. Mstari ulionyooka ungetulazimisha kuamini kwamba meno yalipotea, yakarudi, yakapotea tena.

Ukweli ni kwamba Oligosini ilikuwa na matawi mengi kwa wakati mmoja, kila moja likila kwa njia yake, na mengi yao hayakuacha kizazi. Ndiyo maana kipimo cha nne ni kigumu kuliko vyote. Jamii ya Aetiocetus wengine huiweka karibu na njia ya nyangumi wa leo, na wengine huisogeza upande wa Mammalodon na Janjucetus. Ikisogezwa huko, balini yake, kama alikuwa nayo, itakuwa ni habari ya tawi la pembeni. Hatari hiyohiyo inamkabili Maiabalaena, na kwa Coronodon ni kubwa zaidi.

Ipi ya kushika

Kwa swali la ulaji, nachagua kufyonza bila kusitasita sana. Ushahidi wake unatoka Peru, Australia na pwani ya Pasifiki ya Marekani, kwa alama za aina tofauti ambazo hazitegemeani: umbo la pua, mikwaruzo ya meno, na kaakaa lisilo na meno. Jambo lisilotajwa vya kutosha ni kwamba Alfred, shahidi wa kufyonza, ni wa jamii ileile ya Aetiocetus, shahidi wa meno na balini kwa pamoja. Maana yake ni kwamba kambi ya pili na ya tatu zinaweza kukubaliana juu ya jinsi mnyama yuleyule alivyokula, huku zikibishana juu ya kilichokuwa kimeota kwenye ufizi wake. Mnyama anayefyonza hatumii meno kukata, na tatizo la balini kusagwa na meno hupungua sana.

Nyangumi wa kijivu wa Pasifiki anatuonyesha kwamba kufyonza na kuchuja vinaweza kukutana. Hulala ubavu kwenye sakafu ya bahari, huvuta tope kinywani, kisha huchuja viumbe vidogo kwa balini fupi na nene kuliko ya jamaa zake wengi. Ufyonzaji unaoingiza tope pamoja na chakula huhitaji namna ya kutoa tope na kubakiza chakula, na hata ukingo mgumu wa ufizi ungeleta faida hapo. Hii ndiyo hatua ya kati ninayoiona kuwa ya kuaminika kuliko zote, na haidai meno yawe yamekwisha wala yawepo.

Kwa swali la wakati wa kuota balini, chaguo linategemea kazi iliyo mezani. Mwalimu wa sekondari mwenye kipindi kimoja atafanya vyema kushika nadharia ya pili kama mfano wa viungo viwili kupokezana, mradi aitaje kuwa ni nadharia, kwa sababu inaungana vizuri na habari ya vijusi na ya jeni ambazo tayari zimo katika masomo ya mageuko. Mwandishi wa kamusi elezo hana ruhusa ya kuchagua kati ya pili na tatu. Wajibu wake ni kumweka Aetiocetus na Maiabalaena katika aya moja na kueleza kila mmoja anadaiwa kuonyesha nini. Mwanafunzi wa chuo anayetafuta mada ya tasnifu ndogo ataikuta nadharia ya tatu kuwa na mengi ya kuhoji, hasa uhusiano kati ya unene wa kaakaa na uzito wa balini. Nadharia ya kwanza naiachia sehemu moja tu, nayo ni maelezo ya Coronodon mwenyewe.

Jambo moja lisiingizwe katika uamuzi huu, ingawa huingizwa kila siku, nalo ni ukubwa. Husemwa kwamba balini ndiyo iliyowafanya nyangumi kuwa majitu. Llanocetus alikuwa na urefu wa mita 8 hivi, na balini ya kuchujia hakuwa nayo kwa maoni ya Fordyce na Marx. Baada ya balini kuwapo, kwa mamilioni mengi ya miaka nyangumi wengi walibaki wa kimo cha wastani. Graham Slater, Jeremy Goldbogen na Pyenson walikadiria mwaka 2017 kwamba wale wa kupita mita 10 walienea katika miaka milioni 3 hivi ya mwisho tu, baridi ya dunia ilipozidi na chakula kikaanza kukusanyika mahali pamoja kwa msimu. Kipande cha kidevu cha nyangumi kutoka kingo za mto Murray, Australia Kusini, kilichokaa makumbushoni tangu 1921 na kuchapishwa upya mwaka 2023, kinaonyesha mnyama wa mita 9 hivi aliyeishi miaka milioni 19 iliyopita, kwa hiyo tarehe hizo zenyewe zinaweza kusogezwa nyuma, walau kwa bahari za kusini. Hakuna nadharia kati ya tatu hizi inayopata au kupoteza alama kwa habari hii.

Kwa anayeandaa bango lenye mchoro, mnyama wa kuweka katikati ni Aetiocetus, kwa kuwa ndiye ambaye pande zote mbili zinazobishana zinamhitaji, na mafuvu ya jamii yake ni mazuri. Mchoraji aombwe amchore akiwa amefumba kinywa, na matundu ya kaakaa yaonyeshwe kando, katika picha ya fuvu lenyewe.